Bahari ya blubeli iliyopotea ndani ya kamera

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, naishi Luton na binti yangu wa miaka sita. Jumapili iliyopita mchana tulikwenda msitu wa Dockey Wood, kule Ashridge, kuona yale maua wanayoyaita bluebells. Mzee, chini ya miti kote ilikuwa buluu, kama bahari. Nilipiga picha karibu mia mbili, nyingine kwa simu, nyingine kwa kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18–55. Nilipozifungua nyumbani nikakuta majani matupu na vidoa vya zambarau. Ile bahari haimo hata kwenye picha moja. Nimekuambatishia tisa uzione. Ninunue lenzi gani? Na mbona nimeona buluu, kamera ikaona zambarau? Nikirudi wiki ijayo nitayakuta?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pesa ya lenzi iache benki kwanza. Lenzi uliyo nayo inatosha, na nitakuonyesha ni upande wake upi ambao hukuutumia.

Hebu rudi pale msituni kichwani mwako. Ukisimama wima ukatazama chini miguuni pako, unaona nini? Shina moja hapa, jingine pale, na katikati yake majani membamba ya kijani, mengi kuliko maua yenyewe. Ndivyo msitu wa blubeli ulivyo kweli, hata ule uliojaa namna gani. Bahari uliyoiona haikuwa miguuni pako. Ilikuwa hatua ishirini au thelathini mbele, pale jicho linapopita juu ya vichwa vya maua kwa mlalo na kila kichwa kikaziba pengo lililo nyuma yake. Ni sawa na shamba la mpunga: ukiwa katikati ya jaruba unaona maji na matope, ukiwa kwenye tuta la mbali unaona kijani kisichokatika.

Sasa simu yako, na ile 18, upande mpana wa lenzi yako, hufanya kinyume kabisa cha unachokitaka. Lenzi pana hukikuza kilicho karibu na kukifukuza kilicho mbali. Kwa hiyo yale mapengo ya kijani yaliyo mita mbili mbele yako yakachukua nusu ya picha, na bahari ikabanwa kuwa utepe mwembamba katikati. Jicho lako lilifanya ujanja ambao kamera haiujui: liliruka yale yaliyo karibu likaenda moja kwa moja kwenye buluu, na ubongo ukakuambia kote ni buluu.

Dawa ni mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, zungusha lenzi mpaka 55, upande wake unaosogeza vya mbali, na uiache hapo. La pili, shuka. Blubeli ina urefu wa kati ya sentimita 20 na 50, basi kamera iwe juu kidogo tu ya vichwa vya maua, usawa wa goti au wa paja. Ukishuka mno, ua moja la mbele litakuzibia yote. Ukipanda mno, mapengo yatarudi. Panda na ushuke taratibu huku ukitazama kioo, utaona kuna mahali ambapo kijani kinazama na buluu inajifunga. Tofauti ya shibiri moja inabadilisha picha nzima. Na kama kuna mahali ardhi inapanda kuelekea mbele yako, nenda ukapige hapo, maana mteremko unaokutazama hujipanga wenyewe kama viti vya uwanja wa mpira.

Kwa simu ni vilevile: tumia ile lenzi yake ya kusogeza, ya mara mbili au tatu kama inayo, na kamwe usiguse ile ya 0.5, iliyo pana kuliko zote.

Jambo jingine linaloua picha za msituni ni mbingu. Katikati ya matawi huwa kuna matundu meupe, na jicho la mtazamaji hukimbilia panapong'aa kuliko kokote. Elekeza kamera mbele, si juu. Kata vichwa vya miti bila huruma. Unachohitaji ni mashina meusi, buluu chini, na ule ukijani mchanga wa majani mapya juu. Pale Ashridge miti mingi ni bichi (sisemi ya kuogelea, nasema mti, beech), na majani yake yanapofunguka mwishoni mwa Aprili huwa laini kama hariri, mwanga unapita ndani yake. Kijani kile hudumu siku chache tu kabla hakijakolea. Watu huhesabu siku za maua; mimi huhesabu siku za yale majani, kwa sababu wiki ambayo maua yamejaa na majani ya bichi bado machanga ndiyo yenye picha.

Umesema ulikwenda mchana. Hapo ndipo ulipopoteza nusu ya vita. Jua la saa 7 likipenya kwenye matawi huangusha madoa makali: hapa peupe pee, hapa giza. Jicho huyavumilia, kamera haiwezi. Hufuata upande mmoja na kuutupa wa pili. Mwanzoni mwa Mei, maeneo yenu jua huchomoza karibu saa 11:30 alfajiri na kuzama karibu saa 2:20 usiku. Ukitoka zamu ya usiku saa 1:30 asubuhi ukaendesha moja kwa moja, utalikuta bado liko ubavuni, linaingia msituni kwa mlalo kupitia mashina. Jioni, kuanzia saa 12:30, ni nzuri vilevile, na mtoto ameshatoka shule. Asubuhi ina faida moja ambayo jioni haina uhakika nayo, nayo ni utulivu wa upepo. Shina la blubeli ni refu na kichwa kizito, kwa hiyo hata upepo usiosikika huliyumbisha.

Jua likiwa chini, usilipe mgongo. Litazame. Lifiche nyuma ya shina nene ili lisikuchome lenzi, na utaona maua na majani yakiwaka kwa ndani kama karabai. Ukiona ukungu wa weupe umeitawala picha, kinga lenzi kwa kiganja. Na siku ya mawingu usibaki nyumbani. Mawingu mepesi ni rafiki wa rangi hii, kwani mwanga husambaa sawasawa na buluu inatoka imeshiba. Mvua ikikatika tu, bora zaidi, isipokuwa majani yaliyolowa hung'aa kama kioo na mng'ao huo hufuta rangi. Hapo ndipo kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kukata mng'ao kinachovalishwa mbele ya lenzi, kinapofaa. Kizungushe uone mng'ao unavyoondoka. Kama kuna kitu kimoja cha kununua msimu huu, ni hicho, si lenzi. Kinakula mwanga, lakini hayo tunayamaliza kwa ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga.

Nisije nikakuacha na namba kichwani bila maana, basi: kwa picha ya msitu mzima weka tundu la lenzi f/8, ISO 800, na uangalie kasi ya kupiga isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kama unashika kwa mkono. Ikishuka, pandisha ISO hadi 1600 bila woga. Chengachenga kidogo zinazoletwa na ISO kubwa hazijawahi kumharibia mtu ua; mtikisiko umewaharibia wengi. Mfuko wa mchele wa kilo moja juu ya gogo lililolala ni stendi nzuri kuliko nyingi zinazouzwa.

Sasa rangi. Hili swali lako ndilo lililonifurahisha, kwa sababu mwenyewe liliwahi kunigombanisha na mtu. Miaka ya tisini, nikiwa bado napiga kwa filamu, nilipeleka mikanda minne ya blubeli kusafishwa. Zikarudi za waridi. Waridi, mwanangu, kama maua ya harusi! Nikaenda kumfokea mwenye maabara, akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akanionyesha albamu nzima ya wateja wengine wenye waridi kama langu. Petali za blubeli hazirudishi buluu peke yake. Zinarudisha pia wekundu wa mbali kabisa, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa jicho la mtu na kupita. Sisi hatuuoni vizuri, filamu iliuona. Nilirudi nikamwomba radhi.

Kamera za kidijitali zina kichujio cha kuzuia mwanga huo, na hali ni afadhali sana, lakini sasa kuna mchawi mwingine. Msituni mwanga wote umepita kwenye majani, kwa hiyo una ukijani. Kamera ikiwa kwenye mizani ya rangi ya kujiamulia yenyewe (auto white balance), inaona ukijani huo, inadhani ni kosa, inaongeza uzambarau ili kuusawazisha. Majani yanapona kidogo, maua yako yanazama kwenye zambarau. Ndilo lililokupata.

Toa mizani hiyo kwenye kujiamulia, iweke kwenye alama ya jua, au kama kamera yako inakubali Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, weka kati ya 4800 na 5200 na uiache hapo siku nzima. Piga faili ghafi, yaani RAW, ili urekebishe nyumbani bila kuchubua picha. Ukirekebisha, sogeza ule mshale wa zambarau na kijani kuelekea kijani kidogo tu, kisha tafuta sehemu ya kubadilisha rangi moja moja, uichukue zambarau uisukume hatua chache kuelekea buluu. Usiguse kiongeza rangi cha jumla. Buluu ndiyo ya kwanza kufurika. Histogramu ya pamoja, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, inaweza kuonekana salama kumbe mstari wa buluu umeshagonga ukuta wa kulia, na hapo kila kengele, yaani kila kiua kwenye shina, inageuka bapa moja lisilo na mikunjo, kama kipande cha plastiki. Simu nyingi hufanya kosa hili zenyewe kwa kutaka kukupendeza. Kwenye simu, bonyeza kioo kwa muda pale penye maua mpaka ifunge, halafu buruta mwanga chini kidogo kabla hujapiga.

Lakini usiivute mpaka iwe buluu ya bendera. Hiyo nayo ni uongo. Unaikumbuka nili, ile bibi zetu waliyokuwa wakitia kwenye maji ya kufulia kanzu nyeupe? Blubeli ni nili iliyodondoshewa tone la zambarau. Mimi huweka karatasi nyeupe karibu na ua, nalitazama kwa jicho, nakariri, na nyumbani narekebisha mpaka kumbukumbu na kioo vikubaliane. Si sayansi kali, lakini inanitosha.

Wewe mwenyewe hukuniuliza, ila katika picha tisa ulizoambatisha nimemwona binti yako amekaa katikati ya maua na nyuma yake kuna njia mpya iliyolala chini. Nakuambia kama baba: hilo usirudie. Mimi nimelitenda pia. Mwaka wangu wa kwanza nchini hapa nililala kifudifudi katikati ya blubeli ili nipate picha ya chini, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Nilidhani ni ukali wa bure. Baadaye nikajifunza kwamba kinachouawa si ua. Ukivunja majani yake, kitunguu kilicho ardhini hakipati chakula cha mwaka unaofuata, na sehemu iliyokanyagwa sana huchukua miaka kadhaa kurudi. Inakadiriwa karibu nusu ya blubeli zote za dunia ziko Uingereza, na nyingi ziko kwenye misitu ya kale, iliyokuwepo bila kukatika tangu mwaka 1600 au kabla. Kuzing'oa bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Pale Dockey Wood penyewe National Trust, shirika la uhifadhi linalousimamia msitu, imeweka mipaka ya njia na imewahi kutoza kiingilio wikiendi za msimu kwa sababu ya wingi wa miguu kama yangu na yenu. Na mmea wote una sumu, kwa hiyo mtoto akigusa, anawe mikono kabla ya sambusa.

Picha unayoitaka ya binti inapatikana bila kukanyaga hata jani moja. Tafuta njia inayokata kona. Msimamishe pale kwenye kona, njiani, wewe urudi nyuma hatua kumi na tano, uchuchumae njiani pia, kamera usawa wa vichwa vya maua, lenzi 55, tundu wazi kabisa. Maua yaliyo kwenye pembe ya kona yataingia kati yako na yeye, yaifunike njia, na ataonekana amezama kiunoni. Mfunge kanga ya njano au ya rangi ya chungwa. Juu ya buluu hakuna rangi inayoimba kama hizo. Ya buluu iache kabatini. Halafu usimwambie atabasamu. Mwambie ahesabu kengele kwenye shina moja lililo karibu yake, bila kulichuma.

Ukitaka ua moja moja, tazama namna lilivyoinama. Blubeli ya asili ya Uingereza kichwa chake huinamia upande mmoja, kengele zote zikining'inia huko, majani membamba, na poleni yake ni nyeupe ya maziwa. Kando ya bustani na barabara utakuta nyingine iliyosimama wima, kengele zimezunguka shina pande zote, poleni mara nyingi ina ubuluu: hiyo ni ya Kihispania au chotara. Si dhambi kuipiga, ila haina ule mwinamo, na mwinamo ndio picha. Piga kutoka ubavuni ili mpindo wa shina uonekane wote, na uhakikishe nyuma yake hakuna kitu cheupe.

Nimekulia Muheza, na kazi ya kupiga picha kivulini niliianzia msitu wa Amani, nikipiga yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe yenye unyevu, ambayo huku nimeyakuta kwenye vyungu vya madirishani na wenyewe hawajui kwao ni Usambara. Kilichonisumbua nilipofika ni kalenda. Kwetu ua hungoja mvua. Huku maji yapo mwaka mzima, ua la msituni linangoja mwanga, na linao muda mfupi tu: baridi ikilegea na kabla miti haijavaa majani ikafunga dari. Ukishaelewa hilo, unaweza kukisia zamu zao. Machi huja anemoni weupe, wadogo kama vifungo vya shati. Blubeli hushika katikati ya Aprili hadi katikati ya Mei. Nyuma yao huja kitunguu saumu pori, kinachofanya msitu unuke kama jikoni kwa mama ntilie.

Anemoni watakuvuruga ukifuata ushauri wangu wa alfajiri, kwa sababu hufumba usiku na siku ya mawingu. Hao wafuate saa 4 au 5, siku ya jua, na upunguze mwanga kidogo kwenye kamera maana weupe wao huungua upesi.

Wiki ijayo bado zitakuwepo? Picha zako zimenijibu. Nimeikuza ile moja uliyoipiga karibu: kengele za chini zimefunguka, za juu bado zimefumba. Una siku nane, kumi, joto lisipopanda. Utakapofika, tazama za chini kwanza. Zikiwa zimeanza kupauka na vifuko vya kijani vya mbegu vimetokeza, umechelewa kwa picha za mbali, baki na za karibu. Na msimu ukikupita kabisa kusini, Uskoti huchelewa. Ndugu wa huko wakikualika katikati ya Mei, usikatae.

Nenda Jumanne au Jumatano ukitoka zamu, kama hujachoka mno kuendesha. Njia ni nyembamba na kulungu huvuka asubuhi. Usipige mia mbili. Piga kumi na mbili, na kabla ya kila moja shuka, panda, shuka tena, mpaka kijani kizame. Kisha nitumie zote kumi na mbili, na zile mbaya pia.